Pamba hutoka kwa robota, hurudi kwa jora

Neno mtumba ni la zamani kuliko biashara tunayoiita mitumba leo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliokazwa kwa kamba na kubebwa begani na mpagazi. Ndani yake mlikuwa na merikani (kitambaa kizito cha pamba kutoka Marekani), kaniki na vitambaa vya rangi, vyote vipya, na vyote vikitumika kama fedha. Msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa doti ulipopita katika nchi ya mtemi, na kununua chakula kwa kitambaa kilichopimwa kwa mikono. Leo mtumba ni robota la nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, linalofunguliwa asubuhi na mapema katika masoko ya Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Owino Kampala. Nguo imebadilika na wafungaji wamebadilika. Njia ni ile ile: nguo inapanda kutoka baharini kwenda bara, mali ghafi inashuka kutoka bara kwenda baharini.

Katika Afrika Mashariki tumezoea kugombania ncha mbili za biashara hii. Upande mmoja tunauliza mkulima wa pamba analipwa shilingi ngapi kwa kilo. Upande wa pili tunabishana kama mitumba ipigwe marufuku au iachwe. Kati ya ncha hizo kuna kusokota uzi, kufuma kitambaa, kutia rangi na kupiga chapa. Sehemu hiyo ya katikati ndiyo inayobeba ufundi na thamani, na ndiyo ambayo sera zetu, na mikataba ya biashara tuliyoingia, zimeiacha bila mwenyewe. Ubishi wa mitumba hautaisha, na bei ya pamba haitatulia, mpaka katikati hiyo ipate watu wa kuishughulikia.

Merikani ni Amerika iliyotamkwa Kiswahili. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini na Sayyid Said bin Sultan mkataba uliowawekea Wamarekani ushuru wa 5% tu. Kufikia 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, alikuwa Unguja akiwa konseli wa nchi yake. Meli za Salem zilileta kitambaa kizito kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Pamba ya kitambaa hicho ilikuwa imelimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Waingereza walijaribu kukiiga, lakini wanunuzi wa bara walikipima kwa vidole, wakajua kipi kizito kweli na kipi kimejazwa wanga. Nalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba Mwafrika alipokea chochote alicholetewa. Hakupokea chochote tu. Alikuwa mteja mgumu, na wafumaji wa ng'ambo walilazimika kumfuata anavyotaka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba ilikatika na merikani ikaadimika. Viwanda vya Bombay na vya Uingereza viliingia kwenye pengo hilo. Jina halikubadilika: watu waliendelea kusema merikani huku kitambaa kikiwa kimefumwa India. Vita vilivyopiganwa Virginia na Georgia viliamua nani ataivalisha Tabora.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika juu ya nguo zilizofumwa mjini humo na kupelekwa mpaka Misri. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kutokana na vigae. Wareno walipofika walikuta Pate ikisifika kwa nguo zake. Pwani ilisokota na kufuma, huku ikinunua pia nguo za Gujarati. Ufundi huo ulidhoofika pole pole, kwanza mbele ya nguo za India na baadaye mbele ya nguo za mashine. Uingereza yenyewe ilipoona nguo za pamba za India zinawaharibia wafumaji wake, ilitunga sheria za kuzizuia mwaka 1700 na tena 1721, karibu karne nzima kabla viwanda vyake vya mashine havijashamiri. Sisi hatukuwa na nafasi ya kutunga sheria kama hiyo. Mkataba wa 5% ulikuwa umeshatiwa saini.

Ukoloni uliongeza ncha ya pili. Chama cha Waingereza cha kukuza kilimo cha pamba kilianzishwa 1902 kwa lengo la wazi la kuvilisha viwanda vya Lancashire, na mwaka uliofuata mbegu zikaingizwa Uganda. Kusini mwa Tanganyika Wajerumani walilazimisha mashamba ya pamba. Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa mashina ya pamba, na vita vya Maji Maji vikawa vimeanza. Pamba ikawa zao la kusafirishwa, na kazi ya kulibadilisha kuwa nguo ikahesabiwa kuwa ya watu wengine.

Kuna bidhaa moja inayoeleza hali hii vizuri kuliko takwimu, nayo ni kanga. Ilizaliwa kwetu mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na leso za Kireno zilizoshonwa pamoja. Jina lake ni la maneno yetu, mafumbo yake ni yetu, na mwanamke wa Lamu au Tanga anajua kumpelekea mwenzake ujumbe kwa kanga bila kufungua kinywa. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ambayo kanga zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ilianza biashara 1887. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake kanga imepigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Japani na India. Maneno yalitungwa hapa, michoro ikachaguliwa hapa, vikatumwa ng'ambo kwa barua, na marobota yakarudi kwa meli. Mfanyabiashara wa Mombasa alijua msimu gani rangi gani itauzwa. Hilo hakuna aliyemshinda. Roli za kupigia chapa hakuwa nazo.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambapo roli hizo zilikuwa hapa. Jinja, kiwanda cha Nytil kilianza kazi katika miaka ya 1950, muongo ule ule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, na umeme wa Nile ukawa unasokota pamba ya Uganda. Dar es Salaam, Urafiki ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Vikafuata au kupanuka Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex, Sunguratex, Polytex ya Morogoro; Kenya ilikuwa na Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret; Kisangani kulikuwa na Sotexki. Tanzania ilivaa kanga na vitenge vilivyosokotwa, kufumwa na kupigwa chapa nchini kwa pamba ya Usukumani.

Vilikufaje? Wengi hujibu kwa neno moja, mitumba, na jibu hilo haliendani na tarehe. Tanzania ilianza kulegeza biashara ya nje katikati ya miaka ya 1980, na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo viwanda vya Tanzania vilikuwa vimeshaanza kusimama kwa kukosa vipuri, kwa sababu hapakuwa na fedha za kigeni za kuvinunua. Umeme ulikatika, bei ilipangwa na serikali chini ya gharama, na vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin vilimaliza akiba iliyokuwapo. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka foleni ya kanga kwenye duka la kaya. Mitumba ilivikuta viwanda vikiwa wagonjwa kitandani. Iliharakisha mwisho wa viwanda hivyo, lakini ugonjwa ulikuwa umeanza kabla yake.

Mwaka 2000 ukaja mlango mwingine. Mwezi Mei Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya AGOA, iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kwa nguo faida hiyo si ndogo. Fulana ya pamba kutoka nchi isiyo na msamaha hutozwa Marekani 16.5%, na ile ya nyuzi za viwandani kama polyester hutozwa 32%. Kiwanda cha Athi River, Kenya, kilichosamehewa kodi hiyo kiliweza kushindana na cha Asia hata kama mashine zake zilikuwa chache na barabara yake mbovu. Kenya, Lesotho, Madagascar na Eswatini zilipata makumi ya maelfu ya kazi, nyingi za wanawake vijana. Kazi hizo ni za kweli, na kila mwisho wa mwezi zimelipa ada za shule na kodi za nyumba. Sina nia ya kuzidharau.

Ila ndani ya AGOA kulikuwa na kifungu kilichoitwa cha kitambaa cha nchi ya tatu. Kwa kawaida, ili nguo ihesabiwe kuwa ya nchi fulani, kitambaa chake kitoke nchi hiyo, au kwa mwenzake katika mkataba, au kwa nchi inayotoa msamaha. Kifungu hiki kiliziruhusu nchi maskini za Afrika kununua kitambaa popote, wakikate na kukishona tu, na nguo ikahesabika kuwa ya Afrika. Kwa hiyo kitambaa kilitoka China, Taiwan au India, kikashushwa Mombasa, kikapanda lori mpaka Athi River, kikashonwa, kikashuka tena Mombasa, kikaenda Marekani. Vifungo, zipu na uzi wa kushonea navyo vilifuata njia hiyo hiyo. Kilichobaki Kenya ni mshahara wa mshonaji, bili ya umeme na gharama za bandari. Pamba ya Simiyu, iliyo umbali wa siku mbili au tatu kwa lori, haikuguswa.

Hapa ndipo historia inapofundisha zaidi kuliko hotuba. Kifungu hicho kilipangiwa kuisha Septemba 2004. Kampuni ya Nien Hsing ya Taiwan iliichukulia tarehe hiyo kwa uzito, ikajenga Lesotho kiwanda cha kusokota na kufuma kitambaa cha jinzi, kikaanza kazi mwaka huo huo wa 2004. Kisha Marekani ikaongeza muda mpaka 2007, tena mpaka 2012, tena 2015, tena 2025. Aliyekuwa anafikiria kujenga kiwanda cha kitambaa Nairobi au Arusha alipata kila mara sababu nzuri ya kungoja. Mauritius, iliyonyimwa kifungu hicho mwanzoni kwa kuwa ilihesabiwa nchi yenye kipato kizuri, iliwekeza kwenye kusokota uzi kwa sababu haikuwa na njia nyingine. Nchi iliyobanwa ilijenga katikati, na zile zilizoachwa huru ziliendelea kushona.

Sasa angalia Bangladesh. Nchi hiyo hulima pamba kidogo sana. Karibu yote huinunua nje, kutoka Brazil, India, Marekani na Afrika Magharibi. Ilianza kama sisi, kwa kushona. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ilipeleka wafanyakazi 130 Korea Kusini kujifunza katika viwanda vya Daewoo, na hao waliporudi wakawa waanzilishi wa viwanda vingine vingi. Wakati huo mgawo wa kimataifa uliokuwa ukitawala biashara ya nguo tangu 1974, yaani ukomo wa kiasi cha nguo ambacho nchi iliruhusiwa kuuza nje, uliwabana Wakorea, na Bangladesh haikubanwa, ndiyo maana Daewoo walikuwa tayari kufundisha. Lakini kilichowavusha kutoka kushona kwenda kwenye uzi kilitoka Ulaya. Mpaka mwisho wa 2010 Umoja wa Ulaya ulidai nguo ipitie hatua mbili ndani ya nchi ndipo isamehewe ushuru: kitambaa kitengenezwe huko, kisha nguo ishonwe huko. Kwa fulana na sweta wafanyabiashara wa Dhaka waliona inalipa kujenga viwanda vya uzi na vya kitambaa cha nyuzi zilizounganishwa kwa vitanzi. Masharti yalipolegezwa 2011, viwanda hivyo vilikuwa vimeshasimama kwa miguu yao.

Nalijua jibu la wenzangu wanaoitetea AGOA jinsi ilivyo. Watasema masharti magumu yangeiacha Athi River bila kiwanda hata kimoja, kwa sababu Kenya ya mwaka 2000 haikuwa na kitambaa cha kuuzia Wamarekani. Wana haki. Na kweli Bangladesh yenyewe, upande wa mashati na suruali za kitambaa cha kufuma, ilibaki ikiagiza vitambaa kutoka China na India kwa miaka mingi. Kwa hiyo sisemi mlango ungefungwa. Nasema ulegevu usiokuwa na ratiba ni mtego. Laiti mwaka 2000 tungekubaliana sisi wenyewe, bila kungoja Washington, kwamba kiwanda kinachopewa msamaha wa kodi katika maeneo huru ya uzalishaji kitaanza na kitambaa cha kuagiza, na baada ya miaka kadhaa sehemu fulani ya kitambaa chake itoke ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hali ingekuwa nyingine. Hatukuweka sharti hilo. Tulihesabu kazi za kushona tukaridhika.

Na mlango wenyewe haukuwa wetu. Mgawo wa kimataifa ulipofutwa tarehe 1 Januari 2005 na China ikaachiwa kuuza itakavyo, viwanda kadhaa vya Kenya na Lesotho vilifungwa katika miezi michache. Burundi iliondolewa kwenye AGOA mwaka 2016 na Uganda mwaka 2024. Ethiopia, iliyokuwa imejenga bustani kubwa ya viwanda Hawassa, iliondolewa Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, na wanunuzi wakaanza kuhama. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa 50% dhidi ya Lesotho, kisha ikaushusha hadi 15%, na katika miezi hiyo ya wasiwasi oda zilisimama. Muda wa AGOA uliowekwa mwaka 2015 nao ulifika ukomo tarehe 30 Septemba 2025. Kiwanda cha kushona huhama upesi: cherehani zinafungwa kwenye makontena, zinaondoka. Kiwanda cha kusokota, kilichozungushiwa mitambo mizito, majengo marefu na laini yake ya umeme, hakihami kwa urahisi hivyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kukitamani.

Suala la Rwanda linastahili kutajwa kwa heshima. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba pole pole mpaka ziishe 2019. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kililalamika kwa serikali yao, kikidai kazi 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Kenya ilijitoa mapema kuokoa soko lake la AGOA. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake, na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha wa nguo. Ilisimama kwenye neno lake wakati wengine wamekaa, na mimi naiheshimu kwa hilo. Hata hivyo nguo nyingi zilizojaza nafasi ya mitumba Kigali hazikufumwa Kigali. Ziliagizwa mpya kutoka China, za polyester na za bei ya chini. Ukiufunga mlango mmoja huku hujajenga kiwanda cha kitambaa, nguo huingia kwa mlango wa pili. Hata kanga, vikoi na vitenge, ambavyo Jumuiya imeviweka kwenye orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru wa 50%, vinaendelea kuuzwa tele vikiwa vimepigwa chapa ng'ambo.

Kwa nini basi mwenye mtaji hajengi kiwanda cha uzi Shinyanga, ambako pamba iko mlangoni? Swali hili nimeliuliza kwa miaka, na jibu ninaloliona kuwa zito kuliko mengine yote linahusu kalenda na riba. Pamba yetu hununuliwa katika miezi michache, kuanzia Mei. Mwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, huinunua pamba mbegu, huichambua, kila kilo tatu zikitoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi, huifunga marobota, huyauza nje, na baada ya wiki kadhaa fedha yake imerudi. Mwenye kiwanda cha uzi anahitaji pamba ya mwaka mzima. Lazima ainunue yote msimu ukiwa wazi, aiweke ghalani, na alipe riba ya benki juu ya mlima huo wa pamba mwezi baada ya mwezi, kwa riba ya kibiashara ambayo Tanzania inazunguka 15%. Mwenzake wa Dhaka hununua kidogo kidogo kwa hati za benki, mwezi huu za Brazil, mwezi ujao za India. Hivyo mtu asiye na shamba hata moja la pamba anapata pamba kwa masharti mepesi kuliko yule aliyezungukwa nayo.

Ukielewa hapo unaona kwamba tatizo ni la ghala na benki kabla ya kuwa la mashine. Stakabadhi ghalani tunazitumia kwenye korosho na ufuta. Zingeweza kutumika kwa pamba nyuzi iliyochambuliwa na kupangwa madaraja, ikakaa ghalani kama dhamana, na msokotaji akaitoa kwa mafungu kadiri anavyosokota. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ipo. Umeme nao, baada ya bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kukamilika, haukosekani kwenye gridi kama zamani, ingawa kwa mfumaji kukatika kwa dakika tano ni hasara kubwa: nyuzi mamia hukatika kwa pamoja na kuunganisha huchukua saa nzima.

Kuna kingine ambacho wenye jineri hukisema faraghani na ambacho tunapaswa kukisema hadharani. Pamba yetu huchumwa kwa mkono, na kwa hiyo ingepaswa kuwa safi kuliko ya mashine za Texas. Lakini baadhi yake hufika kwenye mizani ikiwa imetiwa maji na mchanga ili iongezeke uzito, na nyingine ina nyuzi za mifuko ya plastiki zisizoonekana mpaka kitambaa kimeshatiwa rangi, ndipo madoa meupe yanapojitokeza. Mkulima hafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Anafanya hivyo kwa sababu pamba safi na chafu zinalipwa bei moja, na kwa sababu mizani nayo imeshamwibia mara nyingi. Msokotaji akiwa karibu, akiwa ananunua kwa daraja na kulipa ziada kwa usafi, tabia hiyo itabadilika upesi kuliko kwa faini za wilaya.

Sitaki nionekane naota pamba tupu. Polyester peke yake leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani, na pamba imebaki kiasi cha theluthi moja au pungufu ya hiyo polyester. Sare za shule za watoto wetu zenyewe ni za tetroni. Na bei ya pamba duniani inapotoshwa na ruzuku za matajiri: Brazil iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikashinda, na mwaka 2014 ikamaliza shauri kwa kulipwa dola milioni 300, wakati Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilizotoa kilio hicho hicho mwaka 2003, hazikupata kitu cha namna hiyo. Kiwanda kipya cha Kanda ya Ziwa kitalazimika kujua kuchanganya pamba na polyester, na kuagiza polyester hiyo. Hilo halina aibu. Bangladesh inaagiza pamba.

Soko la kuanzia tunalo. Shule za msingi za Tanzania pekee zina wanafunzi zaidi ya milioni 10. Mhesabie kila mtoto shati moja kwa mwaka na kila shati mita moja ya kitambaa. Ni mita milioni 10, kabla hujagusa sketi, kaptula, shule za sekondari, mashuka ya hospitali, sare za askari na za magereza. Kitambaa hiki hakina mtindo wa kubadilika kila msimu, rangi zake ni chache, na mahitaji yake yanajulikana tangu Januari. Kwa msokotaji anayeanza, hakuna oda tulivu kuliko hiyo. Mitumba haishindani nayo, kwa sababu hakuna mzazi anayepata sare ya shule ya kata ndani ya robota la mitumba. Kwa hiyo tunaweza kuujenga mnyororo huu bila kumfukuza mama wa Karume kwenye meza yake, na bila kumpa mtu yeyote wa Washington sababu ya kulalamika.

Kila mwaka, kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukaa kupanga ushuru wa pamoja, na kila nchi huja na orodha yake ya misamaha. Tangu Julai 2022 Jumuiya ina kiwango cha juu cha 35%, na nguo na vitambaa vimo ndani yake, lakini maombi ya misamaha huyatoboa makubaliano hayo kila mwaka, kila nchi kwa wakati wake na kwa sababu zake. Ningeomba jambo moja kwenye kikao kijacho: kitambaa cha sare kisiombewe msamaha na nchi yoyote kwa miaka minane mfululizo, na zabuni za serikali zote za kununua kitambaa hicho zikipendelee kilichosokotwa na kufumwa ndani ya Jumuiya, uwe uzi wa Simiyu uliofumwa Eldoret, au uzi wa Jinja uliofumwa Dar es Salaam. Miaka minane ndiyo muda ambao mwenye mtaji anaweza kuupeleka benki pamoja na mchoro wa kiwanda.